Mlango, Jiko na Hati ya Nyumba: Kumsoma Mwanamke wa Kihindi katika Riwaya

Kila muhula ninapoanza kufundisha riwaya za India, wanafunzi hunijia na hadithi waliyokwisha kuipanga vichwani. Hapo zamani mwanamke wa Kihindi alitawishwa ndani, akapika, akazaa, akamlilia mume. Siku hizi kasoma, anafanya kazi benki, anajichagulia mchumba, na akichoka anadai talaka. Wengi hadithi hii wameitoa kwenye filamu, maana huku kwetu sinema ya Kihindi ilitangulia kufika, kitabu kikafuata kwa mbali sana. Nimeisoma fasihi hii miaka mingi, na naona hadithi hiyo inampoteza msomaji. Waandishi wenyewe, hasa wanawake, hawakuandika hivyo.

Mimi huwaambia waliweke kando kwanza suala la kazi na mavazi, wafuatilie nyumba. Nyumba katika kitabu hiki ni ya nani? Nani akisema "hapana" humo ndani neno lake linasimama? Mwanamke akitoka, anakwenda wapi, na akirudi ataukuta mlango wazi? Ukisoma kwa maswali hayo, vitabu vya miaka mia na ushee vinajipanga upya. Baadhi ya vinavyoitwa vya kisasa vinaonekana vikongwe, na vingine vya zamani vinasomeka kama vimeandikwa jana.

Tuanze Bengali, mwaka 1916, Rabindranath Tagore alipotoa *Ghare Baire*, yaani nyumbani na nje. Nikhil ni mwinyi mwenye ardhi, msomi, mpole. Mkewe Bimala ametawa katika sehemu ya ndani ya jumba, kama walivyotawa wanawake wa koo kubwa. Nikhil mwenyewe ndiye anayemsihi atoke. Anataka mkewe auone ulimwengu kisha amchague yeye kwa hiari, asimpende tu kwa sababu hajapata kumjua mwanamume mwingine. Bimala anatoka, anakutana na Sandip, mwanasiasa mwenye maneno matamu katika vuguvugu la Swadeshi la kususia bidhaa za Waingereza, na mambo yanaharibika. Anaiba fedha kwenye sefu ya mumewe, kijana aliyemwita dada anauawa, mume mwenyewe anarudishwa ana jeraha baya la kichwa.

Tagore aliwahurumia wanawake kuliko waandishi wengi wa zama zake, na alimpa Bimala nafasi ya kusimulia kwa kinywa chake. Lakini tazama msuko ulivyo. Mlango unafunguliwa na mume, na anayetoka anabebeshwa maafa yote yanayofuata. Mwaka 1938 R. K. Narayan aliandika *The Dark Room*, ambamo Savitri anaondoka nyumbani kwa sababu mumewe ana hawara. Anajitupa mtoni, anaokolewa, anapata kijikazi hekaluni, na mwisho anarudi. Anarudi kwa sababu ya watoto, na kwa sababu amegundua kwamba katika nyumba aliyoitunza hakuna kitu kilicho chake. Narayan hakulisema hilo kwa kishindo, lakini ndilo jambo zito kuliko yote kitabuni, na waandishi waliofuata walilishikilia.

Kabla ya hao wote alikuwapo Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke Mwislamu wa Bengali aliyelelewa katika utawa mkali. Mwaka 1905, miaka 11 kabla ya Bimala, alichapisha huko Madras hadithi fupi ya Kiingereza, *Sultana's Dream*. Ndani yake wanaume ndio wanaotawishwa, na wanawake wanaendesha nchi kwa sayansi: wanavuna maji mawinguni, wanapika kwa joto la jua, jiko halina moshi wala masizi. Nawaomba wanafunzi wasiisome kama mzaha. Rokeya aliliona jiko kama mtambo unaoweza kubadilishwa, na aliona kwamba anayekaa ndani na anayekaa nje ni suala la nani ametunga kanuni. Hayo aliyaandika wakati riwaya za wanaume zilikuwa bado zinajadili kama mke asome au asisome.

Mtu akiniuliza ni wapi hasa mkondo uligeuka, namtaja Ashapurna Devi. Hakupelekwa shule, alijifunza kusoma kwa kuwasikiliza kaka zake wakisoma, akaandika maisha yake yote huku akiendesha nyumba. *Pratham Pratishruti*, "ahadi ya kwanza", ilitoka 1964, na mwaka 1976 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Jnanpith, iliyo kubwa kuliko zote katika fasihi ya India. Mhusika wake Satyabati anaishi karne ya 19. Ameolewa mtoto, kajifundisha kusoma mwenyewe, na anamwekea binti yake Subarna nadhiri kwamba atasoma kwanza, ndoa baadaye. Siku moja mama mkwe anamwoza yule mtoto kwa siri. Satyabati akifika, harusi imekwisha. Halii, hajitupi mtoni. Anaiacha nyumba, mume na wana, anashika njia ya Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu.

Nimewahi kusikia msomaji akisema Satyabati ni mama mkatili, kamwacha binti aliyemhitaji. Naelewa uchungu huo, na Ashapurna naye aliuelewa, kwani alitumia riwaya nzima iliyofuata kuonyesha Subarna alivyolipa gharama ya kuondoka kwa mama yake. Lakini kwa mara ya kwanza mlango haukufunguliwa na mume, na aliyetoka hakutoka kwa ajili ya mpenzi. Alitoka kwa sababu neno lake juu ya mtoto aliyemzaa halikuwa na uzito wowote. Bimala hangeweza hata kulitamka dai hilo.

Sasa turudi benki, kwa kuwa wanafunzi wangu wanaipenda. Mwaka 1974 Mahasweta Devi alichapisha *Hajar Churashir Maa*, riwaya ya mama wa maiti namba 1084. Sujata ni mwanamke wa tabaka la kati mjini Kolkata, ana kazi benki, ana nyumba nzuri, ana watoto wanne. Mdogo wao, Brati, ameuawa kwa kuwa alijiunga na vijana wa Naxalite, waasi wa mrengo wa kushoto, na baba mtu anahangaika jina la familia lisichafuke magazetini. Sujata anafanya kazi miaka yote hiyo bila kazi kumpa sauti nyumbani. Alikuwa ameasi mara mbili tu: alipokataa kuzaa mtoto wa tano, na alipokataa kuacha ile kazi mumewe alipotaka aiache. Mahasweta anatuonyesha mtu mwenye mshahara anayeishi kama mgeni kwenye meza yake mwenyewe. Anayedhani mshahara ndio ukombozi akisome kitabu hiki taratibu.

Elimu nayo ina hadithi yake, na ninayoiona chungu kuliko zote imo katika *Fasting, Feasting* ya Anita Desai, ya mwaka 1999. Mhusika mkuu ni Uma, binti asiyeolewa aliyegeuzwa mtumishi wa wazazi wake. Kidogo nimweleze msomaji wa kwetu: huko mali ya ndoa hutolewa na upande wa bibi harusi kwenda kwa bwana harusi. Sheria iliipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1961, nayo ikaendelea. Familia ya Uma inatapeliwa mali hiyo mara mbili, na aibu yote anabebeshwa yeye. Lakini ninayetaka kumtaja ni binamu yake, Anamika, mrembo na mwenye akili, aliyepata nafasi ya kusoma Oxford kwa ufadhili. Wazazi wanaifungia ile barua kabatini. Wanaitoa kuwaonyesha wageni, na inasaidia kumpatia mchumba wa hadhi. Anamika haendi Oxford. Anaolewa, anapigwa, na baada ya miaka mingi anakutwa ameteketea kwa moto. Wakwe wanasema alijiua mwenyewe. Desai hachochei hasira kwa sauti. Anaiweka barua kabatini na kuiacha humo, na msomaji anaelewa kwamba elimu ya binti inaweza kuhesabiwa miongoni mwa vyombo vya harusi.

Hapa ndipo hati ya nyumba inapoingia. Sheria ya urithi ya Wahindu ya 1956 ilimpa binti fungu katika mali ya baba, lakini haki ya kuzaliwa nayo katika mali ya pamoja ya ukoo ilibaki ya wana wa kiume katika sehemu kubwa ya nchi, hadi marekebisho ya 2005. Wakristo wa Kisiria wa Kerala walikuwa na sheria yao ya tangu 1916. Baba akifa bila wosia, binti alipata robo ya fungu la kaka yake au rupia 5,000, kilicho kidogo kati ya hivyo. Mwanamke mmoja, Mary Roy, aliipeleka sheria hiyo Mahakama ya Juu kabisa ya India na kushinda mwaka 1986. Binti yake ni Arundhati Roy.

Ukijua hayo, *The God of Small Things* ya 1997 inasomeka tofauti. Wengi wanaikumbuka kwa mapenzi ya Ammu na Velutha, fundi seremala wa tabaka la wasioguswa. Mimi nawaelekeza wanafunzi kwenye kiwanda cha achari. Kilianzishwa na mama, Ammu anakifanyia kazi sawa na kaka yake Chacko, lakini Chacko anakiita kiwanda changu, mananasi yangu, achari zangu. Kisheria alikuwa sahihi, kwani matukio hayo yanatokea 1969. Ammu amerudi kwao na talaka na mapacha, na katika nyumba ile hana alipo isipokuwa kwa kuvumiliwa. Ndiyo maana siri yake inapofichuka anaweza kufukuzwa kwa siku moja. Chacko anawaita wanawake wa kiwandani chumbani kwake kupitia mlango ambao mama yake mwenyewe aliujenga, na hakuna anayemfukuza. Tamaa ni ileile kwa wote wawili. Aliye na hati anasitiriwa, asiye na hati anakufa peke yake katika chumba cha nyumba ya wageni akiwa na miaka 31.

Nimesema "ndani" na "nje" kama kwamba kila mwanamke wa Kihindi alianzia ndani. Hilo ni kosa ambalo fasihi ya wanawake Wadalit imelirekebisha kwa nguvu, na natamani lingefundishwa wiki ya kwanza badala ya ya mwisho. Mdalit, mtu wa zile jamii zilizoitwa zisizoguswa, hakuwahi kutawishwa. Bibi yake na mama wa bibi yake walilima mashamba ya wengine. Katika *Sangati*, iliyotoka kwa Kitamil mwaka 1994, Bama anakusanya masimulizi ya wanawake wa kijiji chake: wanavuna kwa ujira ulio chini ya wa wanaume kwa kazi ileile, wanajihadhari na mwenye shamba mchana na ngumi za mume usiku. Wasichana wadogo wanapelekwa viwanda vya viberiti. Kutoka nje hakukuwakomboa, maana nje ndiko kulikokuwa na bwana. Na bado Bama anaandika kicheko chao, matusi yao yaliyokolea na nyimbo zao za harusi, na anazisifu ndimi hizo kama silaha. Kitamil chake si cha vitabu vya shule, ni cha uani, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Kwangu lugha hiyo ndiyo nusu ya kazi yake.

Mahasweta aliwahi kulifikisha jambo hili kwenye ncha yake. Katika hadithi fupi *Draupadi*, ya mwaka 1978, Dopdi Mejhen ni mwanamke wa kabila la Wasantali, mpiganaji wa msituni. Jina lake ni la malkia wa Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Wahindu, ambaye maadui walijaribu kumvua sari mbele ya baraza, naye mungu Krishna akaifanya sari isiishe. Dopdi hana Krishna. Askari wanamkamata, wanambaka usiku kucha. Asubuhi wanamletea nguo avae aende kwa ofisa, anaikataa. Anamwendea vilevile alivyo, na yule ofisa anajikuta anaogopa mtu asiye na silaha. Nimeona darasa zima likinyamaza baada ya ukurasa huo. Sijui hadithi nyingine iliyoinyang'anya aibu mahali pake na kuirudisha kwa mwenyewe namna hiyo.

Kuhusu kusema waziwazi juu ya tamaa ya mwili, nitapita haraka, kwa kuwa wengi wanadhani ni jambo la juzi. Ismat Chughtai alichapisha *Lihaaf* kwa Kiurdu mwaka 1942, kuhusu mapenzi kati ya bibi wa jumba kubwa, aliyepuuzwa na mumewe, na mtumishi wake wa kike. Alishtakiwa Lahore kwa uchafu wa maneno, na kesi ikaanguka kwa sababu mashahidi hawakuweza kuonyesha neno hata moja chafu. Krishna Sobti, mwaka 1966, alimpa Mitro, mkaza mwana katika nyumba ya Kipunjabi, kinywa cha kusema hadharani kwamba mumewe hamtoshi.

Halafu kuna jiko. Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya Ambai, mwandishi wa Kitamil ambaye jina lake halisi ni C. S. Lakshmi, kuhusu jiko lililo pembeni mwa nyumba moja kubwa ya Rajasthan. Jumba lina vyumba na nafasi tele, lakini jiko ni kama limebandikwa tu, lina giza, na wanawake wamo humo tangu alfajiri. Mkaza mwana kutoka kusini, Minakshi, anamwambia baba mkwe kwamba upenu wa jikoni ukipanuliwa na dirisha likaongezwa, wapikaji wangepata hewa na kuiona milima. Baba mkwe anashangaa tu. Siku chache baadaye zinafungwa kamba za kuanikia nguo pale pale, na sari zilizolowa zinaiziba milima. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa. Ambai anajua pia kwamba mama mkwe, Jiji, analipenda jiko lile, ndimo anamotawala, na funguo alizokabidhiwa alipokuwa bibi harusi anazihesabu kuwa ufalme. Ugomvi wa Minakshi na mama huyo, mwishoni, una upole mwingi kuliko riwaya nyingi za harakati, kwa sababu anamwomba mtu aache kitu pekee alichowahi kupewa.

Ya miaka hii ya karibuni yanaonyesha kwamba jumba limeingia hata kwenye simu. *When I Hit You* ya Meena Kandasamy, ya 2017, inasimuliwa na mwandishi aliyesoma, aliyeolewa na mhadhiri anayejiita mwanamapinduzi. Mume anamfungisha akaunti ya Facebook, anamfutia barua pepe, anamjibia ujumbe. Mke anawaandikia barua wapenzi wa kubuni na kuzifuta kabla mume hajarudi. K. R. Meera naye, katika *Aarachar* ya 2012 kwa Kimalayalam, anampa Chetna wa Kolkata kazi ya unyongaji wa serikali, urithi wa ukoo wake. Televisheni inamtangaza kama ishara ya nguvu za mwanamke, huku wanaume wakiigombania hadithi yake kila saa. Meera ni mwanahabari kwa asili, anajua jinsi sifa zinavyoweza kuwa kamba.

Msomaji wa Pwani namwelekeza kwa Banu Mushtaq, wakili na mwandishi wa Kikannada kutoka Hassan, Karnataka. Mwaka 2025 hadithi zake 12, zilizofasiriwa na Deepa Bhasthi kwa jina la *Heart Lamp*, zilishinda International Booker, tuzo ya vitabu vilivyofasiriwa kwa Kiingereza. Anaandika juu ya wanawake wa Kiislamu, na dunia yake haihitaji maelezo kwetu: msikiti na msimamizi wake, talaka, mke mwenza, ndugu wanaohofia watu watasema nini. Katika hadithi iliyotoa jina la kitabu, Mehrun anarudi kwao na mtoto mchanga kwa sababu mume kampata mwingine. Kaka zake hawamwulizi anaumwa wapi. Wanamwambia angejichoma moto kuliko kuuaibisha ukoo, kisha wanampakia kumrudisha. Usiku anachukua mafuta ya taa. Anayemzuia ni binti yake Salma, aliyemweka mdogo wake miguuni pa mama na kumwuliza kama, kwa kumpoteza mtu mmoja, atawaacha wao wote. Ni moto uleule wa Anamika wa Desai, lakini safari hii yupo anayeushika mkono. Kinachonigusa ni kwamba msaada hautoki kwa mume aliyetubu wala kwa hakimu. Unatoka kwa msichana ambaye naye keshaanza kuhofia ndoa.

Na yupo kikongwe. Geetanjali Shree aliandika *Ret Samadhi* kwa Kihindi mwaka 2018. Tafsiri ya Daisy Rockwell, *Tomb of Sand*, ilishinda International Booker mwaka 2022, kitabu cha kwanza cha Kihindi kufanya hivyo. Mama wa miaka 80, mjane, amelala kaupa ukuta mgongo na kukataa kuamka. Siku anapoamka anatoka nyumbani kwa mwana, ambako desturi inamtaka afie, anahamia kwa binti anayeishi peke yake. Anafanya urafiki na Rosie, hijra, yaani mtu wa jinsia ya tatu, na hatimaye anavuka mpaka kwenda Pakistan bila viza. Binti, mwanamke wa kisasa mwenye nyumba yake, anajikuta amekuwa mlezi mwenye wasiwasi kama kaka yake. Shree ameuliza lile swali langu la mlango na kulipanua hadi likafika kwenye mpaka wa nchi. Naiona ni riwaya kubwa, ingawa kurasa zake za katikati zinamtaka msomaji awe na subira.

Anayetaka kuanza, asianze na vyenye tuzo. Vitabu hivi tunavipata kupitia Kiingereza, na kwa hiyo tunaviona kwa mpangilio wa wafasiri na wachapishaji: Mitro wa 1966 anatufikia kama kijana, Satyabati kama historia. Soma Ambai kwanza, kisha Bama, kisha umrudie Tagore ukiwa na maswali yao mkononi. Na kama miongoni mwenu yupo mfasiri anayetafuta kazi ya kuanzia, hadithi ya lile jiko ni kurasa chache tu, na nina hakika Tanga na Lamu wapo watakaomtambua Jiji na funguo zake kabla ya kumaliza ukurasa wa pili.